Dobi wa Tuwan na Sahihi Aliyoifuta kwa Spiriti

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Tuwan mjini Kitale, Dinah Nakhumicha tayari amezamisha mikono ndani ya beseni. Anatoa soksi moja, anaigeuza ndani nje, anaitazama kwa makini, anaguna, kisha anairudisha majini.

"Hii ni ya Cherono," anasema, ingawa soksi yenyewe haina jina. "Huyu msichana anakanyaga na kisigino. Ona vile ameimaliza huku nyuma. Nimemwambia, lakini si unajua watoto wa siku hizi, ati dobi atamfundisha mbio?"

Baridi ya Kitale saa hizi inauma hadi kwenye mifupa. Dinah huongeza birika moja la maji moto kwenye kila beseni, na huwa wazi kwamba hafanyi hivyo kwa faida ya nguo. Ni vidole vyake anavyovibembeleza.

Kamba zake zimefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mparachichi wa jirani. Kufikia saa sita mchana zitakuwa zimejaa bukta, tracksuit na vesti za wanariadha wa kambi moja ndogo iliyo nje ya mji, kwenye barabara ya kuelekea mlimani. Siku njema humpa shilingi mia nane. Siku ya mvua humpa mafua.

Lakini ndani ya nyumba, kwenye msumari ulio juu ya kochi, kuna vesti moja nyeupe iliyofunikwa kwa plastiki. Haina namba wala jina, na haina hata doa.

"Hiyo nimeifua mara mbili tu," anasema Dinah. "Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili ndiyo nikarekebisha."

Kisha anacheka kidogo, anakausha mikono kwenye leso, na kusogeza kigoda. Ukiona dobi ameacha nguo kwenye maji asubuhi yenye jua, jua kwamba hadithi yenyewe ni nzito.

Dinah, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, alizaliwa Sirisia, kaunti ya Bungoma, na akaja Kitale akiwa bibi harusi. Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli. Alipofariki, kifungua mimba wao, Hesbon, alikuwa bado shule ya msingi. Dinah hakuwa na shamba wala cheti. Alikuwa na beseni mbili alizopewa siku ya harusi yake.

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa Kocha Cheruiyot, mwenye kambi hiyo. Alimjia siku moja akiwa amevaa shati lenye doa la wino kifuani, kubwa kama sahani ya chai, akauliza kwa aibu kama kuna dawa.

"Kocha alikuwa na ugonjwa wa kalamu," Dinah anasema, na uso mzima unachangamka. "Saa ya kuhesabu mbio iko mfuko huu, kalamu haina kifuniko iko mfuko huu mwingine. Anakimbia na watoto huku kalamu inamwaga. Kila wiki! Mke wake alikuwa amechoka na yeye kabisa."

Dinah alijifunza dawa ya wino kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Unaweka kitambaa kikavu chini ya doa, unachovya pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, unagusa na kuinua bila kusugua. Kisha unamalizia kwa limau na chumvi, juani. Kwa miaka mingi aliondoa wino kwenye kifua cha Kocha, na Kocha kwa miaka mingi akaurudisha.

Wakazoeana. Kocha akamletea nguo za kambi nzima. Karo ya Hesbon ya sekondari, Dinah anasema, ilitoka kwenye jasho la wakimbiaji, na hasemi hivyo kwa mafumbo.

Kati ya vijana wote waliopita mikononi mwa Kocha, mmoja aliufikisha mwendo wake mbali. Abednego Kipngetich alikuwa akibeba maziwa kwa miguu hadi kiwandani kila asubuhi, na Kocha, aliyekuwa akipita na wanafunzi wake, akagundua kwamba mtoto wa maziwa anawaacha. Miaka michache baadaye kijana huyo alikuwa akishinda mbio ng'ambo, picha yake iko kwenye kalenda ya kampuni ya mbegu, na kalenda hiyo iko kwenye kila duka la pembejeo la Kitale, sahihi yake ikiwa imechapwa chini ya viatu.

Akahamia huko huko ng'ambo. Salamu zikawa zinakuja, kisha zikawa zinakuja mara chache.

Kocha alipougua figo, ikasikika kambini kwamba Kipngetich ametuma vesti yake nyeupe, yenye sahihi kifuani. Kocha aliifurahia mno. Akakataa isitundikwe ukutani. Aliivaa kitandani, akawa anapokea wageni nayo, akiigusa pale penye jina kama mtu anayehakikisha mfuko wake hauna tundu.

"Kuisikia nilikuwa nimeisikia," anasema Dinah. "Kuiona, hapana. Mimi nilikuwa napeleka nguo kwa mlango wa jikoni. Na kwa akili yangu nilidhani kitu kama hiyo inawekwa kwa fremu ya kioo, kama cheti."

Kocha akafariki. Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, nguo za marehemu zilikusanywa zifuliwe kabla ya kugawiwa ndugu. Mjane wake, Judy Chelagat, alikuwa amekaa na wageni. Shemeji zake wakashindilia kila kitu kwenye gunia, mashati, shuka na vesti, wakampelekea Dinah.

Alifua gunia hilo akilia. Hakutaka ndugu za Kocha wapokee nguo yenye hata alama ya kidole. Na alipofika kwenye vesti nyeupe iliyokunjamana, akakuta mistari ya wino iliyosambaa kwa jasho, upande wa kushoto wa kifua, pale pale kalamu ya Kocha ilipozoea kumwaga.

"Nikasema, 'Kocha, hii ndiyo wino yako ya mwisho.' Nikaitoa polepole. Nilitumia chupa nzima ya spiriti. Bana, sijawahi toa wino na mapenzi kama siku hiyo."

Vesti ikatoka nyeupe pepepe. Akaianika katikati ya kamba, mahali pa heshima.

Jioni simu ikaita. Alikuwa Judy. "Mama Hesbon, kuna vesti imeenda kimakosa. Ile ya Kipngetich. Tafadhali usiitie maji."

Dinah aliangalia kambani. Vesti ilikuwa inapepea.

"Nikasema, 'Sawa, Mama Kocha.' Hiyo tu."

Mtu aliyemlisha amelala kaburini siku chache tu, na yeye amemfutia mjane kumbukumbu pekee iliyobaki. Hofu ikamwendesha. Akaitoa kalenda ya mbegu ukutani kwake, akanunua kalamu nene ya wino usiofutika kwa maji, akafanya mazoezi kwenye karatasi za unga mpaka mkono ukazoea. Kisha akatandaza vesti juu ya ubao wa kukatia mboga na kuandika.

Alipoirudisha, Judy aliitazama kwa muda mrefu sana. Mwishowe mjane akaikunja na kusema, "Asante, Mama Hesbon." Wakaagana.

Kwa miaka mitatu waliendelea hivyo. Judy, aliyebaki akiiendesha kambi, alileta nguo, Dinah akafua. Wakauliziana hali za watoto. Kila mara Dinah alipoingia katika nyumba ile na kuiona vesti imetundikwa sebuleni, macho yake yalitafuta mahali pengine pa kwenda.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama si bweni. Kambi ilikuwa imewajengea wasichana bweni hadi kwenye lenta, juu kidogo ya madirisha, kisha pesa zikaisha. Wasichana wanalala kwenye chumba cha kulia chakula, magodoro yakikunjwa kila asubuhi ili uji upate nafasi.

Mwaka jana kamati ikapata habari kwamba kampuni moja ya mnada ingefika Bungoma kuuza vitu vyenye sahihi za watu maarufu: jezi, picha, magitaa. Msimamizi wa mnada akaja kambini, akaiona vesti ukutani kwa Judy, akailinganisha na picha kwenye simu yake. Akasema sahihi hiyo ni safi, haina hata shaka. Lazima ifanane, kwani ilitoka kwenye kalenda. Wanakamati wakapiga makofi, wasichana wakaimba, na Judy akabaki ameshika sinia la chai.

Cherono ndiye aliyempelekea Dinah habari. "Mathe, cheki! Vesti ya Kocha iko kwa mnada. Hiyo ndiyo itatuwekea mabati!"

"Niliacha nguo kwa beseni hapo hapo," Dinah anakumbuka. "Nikaona sasa uongo wangu unatoka kwa nyumba ya Mama Kocha unaenda kwa nyumba ya mtu sijui. Atalipa pesa yake. Ataonyesha watoto wake. Nikisema, hawa wasichana watakosa paa, na Mama Kocha hataniangalia tena. Nikinyamaza, basi mimi ni mwizi, hata kama sikubeba kitu."

Alikuwa bado anapima hivyo pale Judy alipomwomba amsindikize. "Njoo unishike mkono," alimwambia. Dinah alivaa gauni lake la kanisani, akaenda.

Ukumbi wa hoteli mjini Bungoma ulikuwa umejaa. Vesti ilikuwa mbele, ndani ya fremu ya kioo, na kadi chini yake inayosema kwamba sahihi ni halisi. Dinah anasema alipoiona ile fremu, ile ile aliyodhani ipo tangu mwanzo, nusura acheke.

Kando yake alikaa mwalimu mstaafu kutoka Naitiri, Mzee Mukhisa, kofia magotini. Alikuwa na binti anayekimbia, akaeleza, na hajawahi kumnunulia zawadi ya maana. Amekuja kwa ajili ya vesti tu.

"Nimeuza mtamba wangu, mama," alimwambia Dinah kwa furaha. "Huyu msichana akiamka asubuhi aone jina la bingwa, atakimbia mpaka Uganda."

Dinah hakusubiri zaidi. Alimshika Judy kiwiko, akamtoa hadi kwenye ujia wa kuelekea jikoni, palipokuwa na kreti za soda na harufu ya chapati. Akasema yote kwa mkupuo mmoja: gunia, spiriti, kalenda, ubao wa mboga.

"Mama Kocha, nilifuta. Ile jina mnaona pale ni mkono yangu. Nisamehe. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini yule mzee asinunue."

Judy alikaa juu ya kreti, mkoba ukiwa mapajani.

"Mimi niliona," hatimaye alisema. "Niliona siku ile ile uliirudisha."

"Uliona?"

"Sasa nikose kuona, na ile ya kwanza niliandika mimi?"

Dinah anasema alidhani uchungu umemvuruga mwenzake akili. Lakini Judy alikuwa timamu, na maneno yakaanza kutoka. Kocha, alipojua kwamba hatapona, alikataza mtu yeyote asimwambie Kipngetich. Alitaka kijana akimbie bila mzigo. Lakini huku amekataza, yeye mwenyewe alikuwa anangoja. Kila simu ilipolia aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Akiambiwa ni mwenye kuuza maziwa, anasema, "Ahaa," na kulala tena.

"Hiyo 'ahaa' ndiyo ilinishinda," Judy anaeleza leo, akiwa amefika Tuwan na mfuko wa nguo chafu na kuketi kwenye kigoda cha pili. "Nikatoa vesti mpya kwa stoo ya kambi. Nikaandika jina. Nikamwambia, 'Baba, Kipngetich amekukumbuka.' Ungeona uso wake! Nilitaka nimwambie ukweli akishapata nguvu kidogo. Hakupata."

Vesti iliporudi na sahihi nyingine, nzuri kuliko yake, alielewa mara moja kilichotokea. Lakini angemuuliza Dinah vipi? Kuuliza ni kukiri. Hivyo wanawake hawa wawili walikuwa wakisalimiana kila wiki kwa miaka mitatu, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile.

"Nilikuwa naiangalia pale ukutani nasema, Mama Hesbon ana mwandiko bana," anasema Judy. "Ile yangu ilikuwa imelala upande mmoja."

Pale ujiani walilia mpaka mpishi akatoka kuuliza nani amefiwa. Kisha wakaanza kucheka, na mpishi akarudi ndani akitikisa kichwa.

Judy alirudi ukumbini na kuomba kipaza sauti. Alisema vesti ile haikutiwa sahihi na Kipngetich. Aliyeandika ni yeye, kwa sababu zake za nyumbani, na anaomba iondolewe. Hakumtaja dobi. Alikuwa amekwisha kuamua kuubeba mzigo wote peke yake.

Dinah akasimama nyuma kabisa ya ukumbi. "Hata mimi niliandika," alisema kwa sauti. Watu waliangua kicheko wakidhani ni mzaha. Judy hakucheka. Alimtazama tu, na Dinah anasema mtazamo huo ndio malipo makubwa aliyowahi kupata katika kazi hii.

Mengine yaliyofuata hayakuwa matamu. Mwenyekiti wa kamati, Kiptanui, alikaa wiki nyingi bila kuwasalimia. Wateja kadhaa walihamisha nguo zao, wakisema hawawezi kumwachia mali mtu wa kughushi. Bweni bado halina paa.

Msimamizi wa mnada, aliyeweka jina lake kwenye ile kadi, aliitoa vesti kwenye fremu kwa mikono yake mwenyewe. "Nilitaka sana iwe ya kweli," aliwaambia. Mzee Mukhisa naye alivaa kofia yake, akawashukuru kwa kumwokolea pesa za mtamba, kisha akauliza kama kambi bado inapokea wasichana. Binti yake sasa ni mmoja wa wanaokunja magodoro kila asubuhi.

Wiki ile ile Judy alimpigia Kipngetich simu na kumweleza kila kitu tangu mwanzo.

"Mama," bingwa alisema, "mimi sikujua Kocha ananingoja."

Ameahidi kuja Desemba, kwenye maombi ya kumkumbuka mwalimu wake. Ameahidi hivyo kabla pia, na mbio zikaingilia. Judy hamsemi vibaya. Amenunua kalamu mpya, ameiweka kwenye mkoba, na anahakikisha mara kwa mara kwamba kifuniko kimekaza.

Dinah alikuwa na ombi moja tu: apewe vesti aifue tena. Safari hii alijua anachofuta. Aliweka kitambaa chini, akachovya pamba, akagusa na kuinua, na Judy alikuwa kando yake akishika limau. Uongo wa huyu na wa yule ukatoka pamoja, maana sahihi ya kwanza ilikuwa imeacha kivuli hafifu chini ya ile ya pili, anasema Dinah, ukiiweka vesti juani.

Sasa vesti inangoja kwenye msumari. Judy ndiye aliyetaka ikae Tuwan, kwa sababu kwake, anasema, kuna watu wanaopenda kushikashika vitu.

Je, kama Kipngetich hatakuja?

Dinah ameshaurudia mkao wake mbele ya beseni. Anaikamua soksi ya Cherono, anaikung'uta, anaibana kambani kwa kibanio.

"Asipokuja, hiyo ni vesti safi ya Kocha. Haina shida. Safi pia ni kitu," anasema. Kisha anamgeukia Judy na kuinua kidole chenye povu. "Lakini akija, na aandike na mkono yake mwenyewe, Mama Kocha, nisikie vizuri. Hiyo sitaifua tena, hata ikinuka."